Mighty No. 9: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Gemu Iliyosumbua Kutoka

Gemu hii ilitangazwa Agosti 31, 2013, ikatoka Juni 2016. Katikati hapo zilipita fedha nyingi za michango ya mashabiki, ahadi nyingi zaidi, na tarehe zilizosogezwa hadi watu wakachoka kuzihesabu. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila gemu hii inapotajwa. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi, kwa sababu uzito wa maswali haulingani.

Mighty No. 9 ni gemu ya namna gani?

Ni gemu ya kuruka na kupiga risasi inayotazamwa kwa ubavu, ya mtindo wa zamani. Unatoka kushoto kwenda kulia, unavuka mashimo, unapiga maadui, na mwisho wa kila steji unamkuta bosi, yaani adui mkubwa. Unamchezesha Beck, roboti wa tisa katika kundi la roboti tisa wapiganaji. Wenzake wanane wameingiwa na virusi wakaasi, na kazi yake ni kuwafuata mmoja mmoja: Pyrogen wa moto, Cryosphere wa barafu, Dynatron wa umeme, na wengine watano. Kila unayemshinda anakuachia silaha, na silaha hiyo inamwumiza zaidi bosi mwingine. Aliyewahi kucheza Mega Man, mfululizo wa roboti mpiga risasi wa kampuni ya Capcom, ataitambua familia hii kabla hata ya kushika pedi.

Kwa nini watu walimwamini Keiji Inafune kiasi kile?

Inafune, aliyeongoza mradi wa Mighty No. 9, aliingia Capcom mwaka 1987, mwaka ambao Mega Man ya kwanza ilitoka, na jina lake likaambatana na mfululizo huo kwa zaidi ya miaka 20. Hapa kuna kosa linalorudiwa sana: wengi humwita muumbaji wa Mega Man, ilhali aliyeongoza na kubuni gemu ile ya kwanza ni Akira Kitamura. Inafune alikuwa kijana mchoraji aliyechora sehemu kubwa ya wahusika, kisha akapanda hadi kuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni.

Aliondoka Capcom mwishoni mwa 2010 na kuanzisha studio yake, Comcept. Mwaka 2011 Capcom ikafuta Mega Man Universe mwezi Machi na Mega Man Legends 3 mwezi Julai. Mashabiki wakabaki na njaa. Miaka miwili baadaye mtu yuleyule akapanda jukwaani kwenye PAX, tamasha la gemu mjini Seattle, akiwa na roboti mdogo wa bluu mwenye bunduki mkononi. Hakuhitaji kueleza sana.

Kampeni ilikusanya kiasi gani?

Lengo lilikuwa dola 900,000, na lilifikiwa ndani ya siku mbili hivi. Kampeni ilipofungwa mwanzoni mwa Oktoba 2013, Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, ilionyesha dola 3,845,170 kutoka kwa wachangiaji 67,226, yaani wastani wa dola 57 kwa mtu. Ukiongeza waliotuma kwa PayPal, jumla ilipita dola milioni 4. Kwa dola 20 ulikuwa umejiwekea nakala ya gemu ya kupakua.

Wakati huo Kickstarter ilikuwa bado haijafunguliwa kwa miradi ya Japani, hivyo kampeni iliendeshwa kwa jina la Comcept USA. Tarehe iliyoandikwa ya kukabidhi gemu ilikuwa Aprili 2015.

Dola milioni 4 ni nyingi. Zilikwenda wapi?

Hesabu za ndani za Comcept hazikuwahi kuwekwa hadharani, lakini mtu anaweza kupiga hesabu ya kawaida ya kazi hii na kuona picha.

Kwanza toa ada. Kickstarter huchukua asilimia 5, na wasindikaji wa malipo huchukua asilimia 3 hadi 5 nyingine. Kwenye dola 3,845,170 hiyo ni kati ya dola 308,000 na 385,000 zilizoondoka kabla mtu hajaandika mstari mmoja wa programu. Kisha kuna zawadi za mkononi kwa wachangiaji, kama maboksi na vitabu vya maelekezo: kuchapa, kufungasha, na kusafirisha kwenda nchi nyingi.

Tuseme zimebaki dola milioni 3.5. Kwenye tasnia hii, kipimo cha haraka kinachotumika sana ni dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi, ukijumlisha mshahara, ofisi, vifaa na leseni. Kwa kipimo hicho fedha hizo zinanunua miezi-watu 350, yaani kazi ya mtu mmoja kwa miezi 350. Timu ya watu 20 inaimaliza kwa miezi 17 na nusu. Hesabu kutoka Oktoba 2013: unaangukia Machi 2015, karibu kabisa na ile Aprili iliyoahidiwa.

Kwa hiyo mpango wa mwanzo haukuwa wa kijinga. Ubaya wake ni kwamba haukuacha nafasi ya kukosea. Kwa timu hiyohiyo ya watu 20, kila mwezi wa kuchelewa unakula dola 200,000 nyingine, na gemu ilichelewa miezi 14. Ndiyo maana miradi ya aina hii huishia kutafuta fedha za pembeni. Julai 2014 ikaja kampeni ya pili, ya sauti za waigizaji wa Kiingereza na sehemu ya ziada yenye mhusika Ray. Aprili 2015 akatangazwa msambazaji, Deep Silver, wa kuipeleka gemu madukani.

Kwa nini mashine kumi ziwe tatizo? Si gemu ni ileile?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na kwa maoni yetu ndiko gemu ilikovunjikia.

Lengo la msingi lilikuwa kompyuta za Windows. Kadiri fedha zilivyopanda, kampeni iliongeza malengo ya ziada: Mac na Linux, kisha PlayStation 3, Xbox 360 na Wii U, kisha PlayStation 4 na Xbox One, na ilipofika dola milioni 3.5 zikaingia mashine za mkononi, 3DS ya Nintendo na Vita ya Sony. Jumla mashine kumi, za vizazi viwili na za ukubwa wa aina mbili.

Tazama memori peke yake. PlayStation 3 ina megabaiti 512 zilizogawanywa mara mbili, 256 za programu na 256 za picha. Xbox 360 ina 512 za pamoja. Wii U ina gigabaiti 2, lakini moja tu ndiyo ya gemu. PlayStation 4 na Xbox One zina gigabaiti 8. Vita ina megabaiti 512 na 128 za picha, na 3DS ya kwanza ina 128 tu. Msanii akichora ukuta wa steji kwa ajili ya PlayStation 4, ukuta huo hauingii kwenye PlayStation 3 bila kupunguzwa. Basi ama unachora mara mbili, ama unachora mara moja kwa kipimo cha mashine dhaifu na kuipeleka picha hiyo kila mahali. Ukitazama kuta tupu na milipuko bapa ya Mighty No. 9 kwenye PlayStation 4, ni vigumu kutoona kwamba njia ya pili ndiyo iliyofuatwa.

Kisha muda. Gemu ya kuruka inayokwenda kwa fremu 60 (picha moja moja zinazounda mwendo) kwa sekunde ina milisekunde 16.7 tu za kukamilisha kila fremu. Ukizidisha hata milisekunde 2, fremu inarukwa, na mchezaji anahisi kidole chake kimebonyeza lakini Beck amechelewa kuruka. Katika gemu ya mafumbo hilo halimsumbui mtu. Katika gemu ambayo shimo linaua, huo ndio uhai wenyewe. Kila mashine inahitaji kusawazishwa kivyake, na kinachokwamisha hakifanani: huku ni prosesa, huku kasi ya kusoma diski, huku memori.

Baadaye unakuja ukaguzi. Sony, Microsoft na Nintendo hawaruhusu gemu iuzwe kabla hawajaipima kwa orodha zao. Betri ya pedi ikiisha katikati ya mchezo, gemu inasimama? Nafasi ya kuhifadhi ikijaa, inatoa ujumbe au inaganda? Waya wa intaneti ukichomolewa wakati wa kucheza na mwenzako, inarudi kwenye menyu salama? Ukianguka kipengele kimoja, unarekebisha na kurudi mwanzo wa foleni. Na kwa kawaida Amerika, Ulaya na Japani huhesabiwa mawasilisho tofauti.

Sasa zidisha. Hitilafu moja iliyogunduliwa kwenye Windows lazima ikaguliwe kwenye mashine zote. Ukiirekebisha, marekebisho yenyewe yanaweza kuharibu kitu kwenye Wii U. Mashine ya kumi haiongezi kazi kwa sehemu moja ya kumi; inaongeza njia mpya za kila sehemu nyingine kuharibika. Na bado siku ya kampeni kila mashine ilionekana kama zawadi tu, mstari mmoja kwenye ukurasa.

Unreal Engine 3 ilichangiaje?

Injini hiyo, yaani programu ya msingi ambayo gemu inajengwa juu yake, ilikuwa chaguo lenye mantiki mwaka 2013: ilikuwa imeshakomaa, na ilifanya kazi kwenye PlayStation 3, Xbox 360, Wii U na hata Vita. Lakini Machi 2014 Epic, kampuni inayoitengeneza, ilifungua Unreal Engine 4 kwa watu wote, na nguvu ya kampuni ikahamia huko. Iliyotangulia ikaacha kupata masasisho.

Timu ikabaki kwenye njia ambayo mjenzi wake ameshahama. Kwenye taarifa ya Januari 2016, Comcept ilitaja sababu mbili za kuchelewa: wingi wa mashine, na injini isiyosasishwa tena. Msimbo wa kuwakutanisha wachezaji mtandaoni ulibidi kurekebishwa kwa mkono, na mahali pengine kufumuliwa kinyumenyume ili kujua unafanyaje kazi. Kuhamia injini mpya katikati ya safari kungekuwa kuanza upya karibu kila kitu, hivyo kubaki hakukuwa uzembe. Ila 3DS haikuwa na njia ya moja kwa moja kwenye Unreal Engine 3, na hilo lilijulikana tangu siku iliposainiwa ahadi yake.

Nani aliomba sehemu ya mtandaoni?

Nayo ilikuwa lengo la ziada la kampeni: mashindano ya mbio kati ya watu wawili, na changamoto za kusaidiana ambapo mmoja ni Beck na mwingine ni Call, roboti mwenzake. Wachangiaji wengi walitaka gemu ya mtu mmoja kama zile za 1987. Lakini kilichoandikwa kwenye kampeni ni deni, na deni hili ndilo lililochelewesha gemu kwa miezi ya mwisho. Steji za mchezaji mmoja zilikuwa tayari zikisubiri sehemu ambayo watu wachache wangeigusa.

Kuunganisha mashine mbili ni kazi nzito kuliko inavyoonekana. Lazima kila upande uonyeshe mwenzake alipo bila kusubiri, ukadirie anapokwenda, kisha ujisahihishe taarifa zikifika. Kila kampuni ina mfumo wake wa marafiki, vyumba na mialiko, kwa hiyo kazi hiyo unaifanya upya kwa kila familia ya mashine.

Tarehe zilisogezwa mara ngapi?

Aprili 2015 ilikuwa ya kwanza. Ikafuata Septemba 15, 2015 kwa Amerika Kaskazini, siku tatu baadaye kwingineko. Mwanzoni mwa Agosti, wiki sita kabla, ikatangazwa kwamba itakuwa robo ya kwanza ya 2016, na baadaye ikatajwa Februari 9. Januari 25, 2016, wiki mbili tu kabla ya siku hiyo, ikasogezwa tena hadi masika. Mei 2 wakasema gemu imekamilika na kutaja Juni 21 kwa Amerika Kaskazini na Asia, Juni 24 kwingineko. Hiyo ndiyo iliyoshika.

Tazama umbali wa kila tangazo kutoka tarehe yenyewe. Wiki sita, kisha wiki mbili. Kuchelewa watu husamehe. Kuambiwa dakika za mwisho ndiko kunakoua imani, kwa sababu kunaonyesha ama timu haijui hali ya gemu yake, ama inajua na inanyamaza.

Ni Comcept au Inti Creates waliotengeneza gemu?

Wote. Comcept walibeba wazo, usimamizi, biashara na mazungumzo na wachangiaji. Inti Creates, studio iliyoanzishwa 1996 na watu waliotoka Capcom, ndio walioshika kazi ya kuijenga. Hawa walikuwa wametengeneza mfululizo wa Mega Man Zero, Mega Man 9 ya 2008 na Mega Man 10 ya 2010. Kwa ufundi wa gemu ya aina hii, Japani nzima ungepata wachache wa kuwalinganisha nao. Muziki aliushiriki Manami Matsumae, aliyetunga ule wa Mega Man ya kwanza.

Ndiyo maana haitoshi kusema timu haikujua kazi. Mwaka 2014, katikati ya mradi huu, Inti Creates hao hao walitoa Azure Striker Gunvolt kwenye 3DS: mashine moja, picha za pikseli, timu inayojua mipaka yake. Ilipokewa vizuri. Watu walewale, mwaka uleule. Kilichotofautiana ni mzigo.

Red Ash ilihusikaje na hasira za watu?

Julai 2015, wakati Mighty No. 9 bado haijatoka, Comcept walifungua kampeni nyingine Kickstarter kwa gemu iitwayo Red Ash, wakiomba dola 800,000. Sambamba nayo kulikuwa na kampeni ya katuni ya dunia hiyohiyo, kutoka Studio 4°C.

Kampeni ikiwa bado inaendelea, ikatangazwa kwamba kampuni ya China, Fuze, itaigharamia gemu. Wachangiaji wakauliza swali la haki: kama gemu imeshapata mfadhili, sisi tunachangia nini? Jibu lililotolewa, kwamba fedha zao zingeongeza vipengele, halikuwaridhisha. Kampeni ya gemu ikashindwa kufikia lengo. Ya katuni ikafanikiwa. Siku chache baadaye ndipo likaja tangazo la kusogeza Mighty No. 9 hadi 2016. Mpangilio huo wa matukio uliumiza jina la studio kuliko hitilafu yoyote ya kiufundi. Red Ash yenyewe haikuwahi kutoka.

Kwa nini gemu iliyotoka haifanani na picha za mwaka 2013?

Picha iliyozunguka sana wakati wa kampeni ilikuwa mchoro wa kuonyesha mwelekeo: rangi zilizokolea, mwanga, kivuli chenye kina. Haikuwa gemu inayokimbia. Wachangiaji waliiona kama sampuli, watengenezaji wakaiona kama ndoto ya kuelekea. Kampeni haikuliweka hilo wazi vya kutosha.

Kuna na uamuzi wa kutumia maumbo ya pande tatu kwenye mchezo wa pande mbili. Picha za pikseli hazizeeki upesi, na ukiwa na msanii mzuri zinapendeza kwa memori ndogo. Umbo la pande tatu linadai mwanga, picha za kuvisha uso wake, mifupa ya kusogeza na maelfu ya masahihisho madogo ndipo lipendeze. Ukilikatia bajeti linaonekana plastiki. Shutuma ya midomo ya wahusika isiyosogea wakati wanaongea inatoka hapohapo: sauti zilinunuliwa kwa kampeni ya pili, lakini nyuso hazikuwa zimeandaliwa kuzibeba.

Ilikuwaje kuhusu trela ya Mei 2016?

Mwezi mmoja kabla ya gemu kutoka, ilitolewa trela ya Kiingereza yenye sauti ya kejeli iliyowatania mashabiki wa anime, na milipuko ambayo watu waliilinganisha na pitsa. Waliokuwa wakiitazama ni haohao mashabiki wa anime waliolipa miaka mitatu nyuma. Iliwasilisha gemu vibaya na kuwadharau wenyewe kwa pamoja.

Siku ya kutoka kiliharibika nini?

Toleo la Wii U ndilo lililolalamikiwa zaidi: kusubiri kurefu, fremu kushuka, na kuganda. Toleo la Xbox 360 halikufika siku hiyo, na la Mac na Linux yalikuja baadaye mwaka huohuo. Baadhi ya wachangiaji walipata misimbo ya kupakulia yenye kasoro au iliyokosa sehemu za ziada walizolipia. Kugawa misimbo kwa watu zaidi ya 67,000, wenye mashine tofauti, kanda tofauti na viwango tofauti vya mchango, ni mradi kamili unaohitaji mtu wake na jedwali lake lililokaguliwa mapema. Zawadi za mkononi zilichelewa zaidi. Kuna waliozipata 2017.

Alama za wahakiki zilitua katika hamsini na kitu kwa mia kwenye mashine nyingi.

Je, ni kweli Inafune alisema gemu hii ni "afadhali kuliko kukosa kabisa"?

Hapana, au angalau ushahidi hausemi hivyo. Maneno hayo yalitoka kwenye matangazo ya moja kwa moja ya siku ya kutolewa, kinywani mwa Ben Judd aliyekuwa akitafsiri. Judd alikuwa akichanganya tafsiri na maoni yake mwenyewe bila kuonyesha moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, na waliojua Kijapani walibaini kwamba sentensi hiyo haikuwa ya Inafune. Alichosema Inafune ni kwamba anabeba lawama ya matatizo yote yaliyoipata gemu. Sentensi ya mtafsiri ndiyo iliyosafiri dunia nzima.

Matoleo ya 3DS na Vita yalitoka lini?

Hayakutoka. Yalikabidhiwa Abstraction Games ya Uholanzi, yakasemwa yatafuata baada ya matoleo makubwa, kisha taarifa zikanyamaza. Duka la mtandaoni la 3DS lilifunga mauzo Machi 27, 2023, hivyo hilo limekwisha. Waliochangia kwa ajili ya mashine hizo mbili ndio wenye dai la haki kuliko wote.

Basi gemu yenyewe ni mbaya?

Si nzuri kama ilivyopaswa, na si mbaya kama inavyosimuliwa. Ina wazo moja bora kabisa. Risasi za Beck humdhoofisha adui mpaka aanze kung'aa. Hapo unachomoka kwa kasi na kumpitia, unammeza. Ukimwahi mara tu anapong'aa unapata asilimia 100 na nguvu ya muda. Ukichelewa asilimia inashuka. Ukizoea, steji inageuka kuwa ngoma: piga, chomoka, piga, chomoka, bila mguu kugusa chini. Kwa mabosi, usipomchomokea kwa wakati anajirudishia sehemu ya uhai uliomtoa, kwa hiyo huwezi kusimama mbali na kumimina risasi.

Kasoro yake ni kwamba steji haziliamini wazo hilo. Gemu inakufundisha kwenda kasi, kisha inakuwekea mitego inayoua papo hapo mahali ambapo mwenye kasi hawezi kuiona. Steji ya Dynatron imejaa hiyo. Steji ya Countershade inakuzungusha vyumba vilevile ukimfukuza mdunguaji. Steji ya Call inaondoa kabisa kuchomoka kwa kumeza, yaani inaondoa kitu pekee ambacho gemu inakifanya vizuri kuliko nyingine.

Ushauri kwa anayeanza: ingia kwenye mipangilio uongeze idadi ya maisha hadi 9. Usicheze kwa kupiga adui hadi afe, maana risasi peke yake ni polepole na hazikupi nguvu. Na kumbuka bosi uliyemshinda anaweza kujitokeza kukusaidia kwenye steji ya mwingine, hivyo mpangilio wa nani umwanze una faida mbili.

Mbona Shovel Knight na Bloodstained zilifaulu kwa njia hiyohiyo ya michango?

Shovel Knight ya Yacht Club Games iliomba dola 75,000 mwaka 2013 na kupata 311,502. Nayo ilichelewa: ilipangwa Septemba 2013, ikatoka Juni 26, 2014, na fedha ziliisha kabla, wakafanya kazi miezi ya mwisho bila mishahara. Lakini ilianza na Windows, Wii U na 3DS tu, kwa picha za pikseli, na mashine nyingine zikafuata gemu ikishauzika. Ahadi zake za ziada ziliendelea kukamilishwa hadi Desemba 2019. Miaka sita ya kulipa deni la kampeni ya mwezi mmoja! Walilipa lote, lakini tazama bei yake.

Bloodstained ya Koji Igarashi ilikusanya zaidi ya dola milioni 5.5 mwaka 2015. Iliahidiwa 2017, ikatoka Juni 2019. Tofauti ni kwamba ilipoelemewa ilikata: Wii U ikabadilishwa kuwa Switch, Vita ikafutwa, Mac na Linux zikafutwa Desemba 2018, kila moja kwa tangazo. Ilipokosolewa sura, ilirudi ikachorwa upya. Mighty No. 9 ilishikilia mashine zote hadi mwisho, na ikazikosa mbili hata hivyo.

Wachangiaji wangeweza kurudishiwa fedha?

Kwa masharti ya Kickstarter, mwenye mradi ana wajibu wa kutimiza zawadi au kueleza kwa uaminifu na kurudisha kilichobaki. Lakini Kickstarter si duka na hairudishi fedha yenyewe. Dai linabaki kati ya mchangiaji na mwenye mradi. Kwa mtu wa dola 20 aliye nje ya Marekani, gharama ya kudai inazidi kinachodaiwa.

Nikitaka kuchangia gemu ya namna hii leo, nikague nini?

Anza na hesabu ya miezi-watu tuliyoonyesha juu: gawanya fedha kwa 10,000, kisha kwa idadi ya watu. Kama muda unaotoka ni mfupi kuliko muda ulioahidiwa, uliza nani anafidia. Kwa timu za nchi zenye gharama ndogo punguza kipimo, lakini usikiache.

Kisha tazama malengo ya ziada. Steji zaidi na muziki zaidi hubebeka. Mashine mpya na sehemu ya mtandaoni hubadilisha mradi mzima. Tafuta video ya gemu inayochezwa kweli, na pedi ikionekana mkononi kama inawezekana. Mchoro mzuri hauthibitishi kitu. Angalia kama taarifa za maendeleo zinataja pia yaliyoharibika. Na kama unaishi Dar, Mombasa au Muscat, hesabu usafirishaji wa zawadi za mkononi kabla ya kuchagua kiwango: nakala ya kupakua mara nyingi ndiyo inayofika.

Inapatikana wapi sasa?

Njia rahisi ni Windows kupitia duka la mtandaoni la Steam. Kwenye PlayStation 4 na Xbox One tafuta diski ya mtumba, na hakikisha kasha si la mashine nyingine, kwa kuwa makasha yanafanana. Duka la mtandaoni la Wii U limefungwa tangu Machi 2023 na la Xbox 360 tangu Julai 2024. Anayetaka kuona Inti Creates wangelifanyia nini wazo hili bila ule mzigo, acheze Mighty Gunvolt Burst ya 2017 kwenye Switch: Beck yupo, pikseli zipo, na mguu unasimama pale kidole kilipoagiza.